Ngariba Mwenye Risasi Mwilini

Vijana wangu, mgonjwa akikaa mbele yenu akasema tumbo linamuuma, msilikimbilie tumbo. Muulizeni anafanya kazi gani. Akishajibu, muulizeni na ile nyingine anayoifanya wakati ile ya kwanza haipo. Hilo sikufundishwa darasani. Nilifundishwa na Mzee Mtipa, ngariba wa Pande, pamoja na mkewe Bi. Somoe, enzi za Mwingereza, nilipokuwa dresa katika hospitali ya Lindi.

Dresa, kwa ninyi mliozaliwa juzi, alikuwa mtu wa kila jambo. Alifunga vidonda, alichemsha sindano, alishika miguu ya mgonjwa asipige teke, alimtafsiria daktari, na wakati mwingine alitafsiri hata yale ambayo daktari hakuyasema. Sindano zetu hazikuwa hizi zenu za kuchoma na kutupa. Tulizichemsha kwenye jiko la mafuta ya taa, na zikifubaa tulizinoa kwenye kijiwe. Ukitaka kujua kama imenoleka sawasawa, unaiburuta juu ya pamba. Ikinasa nyuzi, ina kijino, irudishe kwenye kijiwe. Wagonjwa hawakujua habari za pamba, lakini makalio yao yalijua.

Sasa Mzee Mtipa. Alikuwa mfupi, kifua kipana, na sauti ya mtu aliyezoea kuamrisha. Upande wote ule wa Pande, ukikutana na mwanaume wa rika langu, jua amepita chini ya kisu chake. Mimi mwenyewe nilipita, maana mama yangu ni mtu wa huko. Alikuwa akikukamata kidevu, anakuinua uso na kusema, "Tazama juu. Mwanaume halii." Unatazama juu, unaona majani ya mnazi, na ukija kutazama chini mambo yamekwisha. Mkono wake ulikuwa mwepesi mno. Kina baba walimsifia mkono ule kama watu wanavyosifia mvua ya kupandia.

Siku aliyoletwa Lindi alikuwa amelala juu ya magunia ya ufuta nyuma ya lori, na Bi. Somoe amemshika kichwa. Nilimsalimu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akajibu kwa meno yaliyobanana. "Wewe ni wangu?"

Alitaka kujua kama alinitahiri yeye. Nikamwambia ndiyo, mimi ni wake. Akashusha pumzi, akasema, "Basi usiniaibishe."

Tumbo lilikuwa linamsokota hadi anajikunja kama jongoo. Choo hakupata kwa muda mrefu. Chakula alisema kina ladha ya senti ya shaba. Lakini kilichowatisha watu wa Pande ni mkono wa kulia. Vidole viliweza kukunjika, ila kiganja hakikuweza kuinuka. Kilining'inia kwenye kifundo kama shingo ya kuku aliyechinjwa. Na jando lilikuwa limekaribia. Mavuno yameingia, ngoma zimeshawambwa upya, watoto wameshaambiwa. Ngariba mwingine aliyepatikana alikuwa wa Milola, naye sifa yake ilikuwa moja, kwamba ana haraka. Haraka ni sifa ya tarishi, wajukuu zangu. Kwa ngariba si sifa hata kidogo.

Kwa hiyo kina baba wa Pande wakakata shauri kwamba Mtipa amerogwa na yule wa Milola. Watoto wao wakafurahi kimyakimya, kwa sababu zao wenyewe.

Pale hospitali tulimpa kwanza haluli, tukidhani ni kufunga choo kwa kawaida. Haluli iliingia tumboni ikakaa huko, ikanyamaza. Asubuhi akapita daktari wetu, Mgoa mmoja mrefu mwenye miwani, ambaye watu walimwita Daktari Taratibu, maana kila alichokusudia kumfanyia mtu alianza kwa kusema "taratibu, taratibu," na hapo ndipo mtu alipoanza kuogopa. Alimfungua Mzee Mtipa mdomo, akaivuta midomo kwa kidole, akatazama ufizi. Akaniita.

"Unaona nini?"

Niliona mstari mwembamba, wa buluu inayoelekea kijivu, umepita pale meno yanapoota, kama mtu kauchora kwa kalamu ya risasi.

"Kazi yako nini, mzee?" daktari akauliza.

"Ngariba."

"Na nyingine?"

"Ungariba ni kazi ya kumtosha mtu."

Bi. Somoe, aliyekuwa amekaa sakafuni akimchagulia mumewe matunda, hakuinua hata uso. "Na zile risasi?"

Mzee akamkata jicho. Lakini mwanamke alikuwa ameshaanza, na alipoanza hakuwa mtu wa kuishia njiani. Akaeleza kwamba jando lina msimu wake, na msimu ukipita bwana hukaa jikoni kwake, yeye Bi. Somoe, anayeyusha risasi kuukuu za betri za malori, anamimina kwenye kalibu za udongo, anawatengenezea wavuvi vizito vya nyavu. Milango anafunga ili upepo usimharibie moto. Na kila kizito kikipoa anakibana kwenye kamba kwa meno.

"Kwa meno?" daktari akauliza.

"Koleo anayo. Anasema meno yanafika upesi zaidi."

"Na unayeyushia kwenye chombo gani, mzee?"

Mzee Mtipa akatazama dirishani. Bi. Somoe akajibu, "Kwenye karai langu la maandazi."

Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akamgeukia yule mama, na kwa Kiswahili chake kile cha polepole akatamka, "Mama, mumeo ana risasi mwilini."

Yowe alilopiga Bi. Somoe lilisikika mpaka bandarini. "Nani kampiga? Mungu wangu, nani kampiga mume wangu?" Wagonjwa waliokuwa hawawezi kuinuka wakainuka. Askari aliyekuwa analinda mahabusu wodi ya pili akaja mbio, akataka kuonyeshwa tundu ilipoingilia. Mimi nazunguka huku na huku nikisema ni risasi ya nyavu, si ya bunduki, lakini nani anakusikiliza kelele ikishakolea? Dereva wa lori alisikia nusu ya maneno, akawasha gari, akarudi Pande na habari kwamba ngariba kapigwa risasi Lindi.

Tangu hapo nilijifunza kumweleza mgonjwa ugonjwa wake kwa sentensi ndefu. Sentensi fupi zinaua.

Kulikuwa na dawa. Ilikuwa ngeni, na daktari aliiombea Dar es Salaam, ikaja na ndege katika kisanduku kidogo kilichojaa nyasi za kuzuia vichupa visivunjike. Lakini alipoipata hakuichoma siku ileile. Alisubiri kwanza tumbo lisafike lote, akapiga picha ya eksirei kuhakikisha hakuna kipande kilichomezwa. Shikeni hapa vizuri: dawa ya kutoa risasi humpi mtu ambaye bado anakula risasi. Ukimpa, unaweza kuifungulia mlango iliyobaki tumboni ipite kwenda kwenye damu.

Mzee akataka kujua dawa yenyewe inafanyaje. Daktari akakunja vidole viwili kama koleo. "Hii dawa ina magando, mzee. Kama kaa. Inaingia kwenye damu, inaikamata risasi, inaibana, inatoka nayo kwenye mkojo."

Mzee Mtipa akakaa kitako. "Kaa?"

"Kama kaa."

"Mnanitia kaa kwenye mshipa?"

"Mfano tu, mzee," nikamwambia.

Hakuridhika. Aliagiza aitwe mwalimu wa madrasa aliyekuwa amelazwa kwa jipu, akamuuliza kama kaa ni halali kumla, na kama ni halali kumla, je, kumtia mshipani nako ni halali? Mwalimu akaanza kueleza kwamba wanazuoni wametofautiana. Bi. Somoe akamkatiza.

"Mwaka mzima umeng'ata mavi ya betri hukumuuliza mtu. Leo ndiyo unauliza habari ya kaa?"

Basi nikaleta chupa ya maji ya dawa, nikaitundika, nikafunga mpira kwenye mkono, nikaishika sindano. Ilikuwa safi, nimeinoa mwenyewe, pamba imepita juu yake bila kunasa. Nikasema, "Bismillahi." Na Mzee Mtipa, ngariba wa Pande, alipoiona ile sindano, akaruka kutoka kitandani, akakaa nyuma ya kabati la mashuka.

"Mzee, toka."

"Sitoki."

"Ni kitu kidogo."

"Hata mimi huwa nawaambia hivyohivyo!" akapiga kelele kutoka huko nyuma. "Mimi nakijua kitu kidogo!"

Habari haikuchukua muda kuenea. Akaja mpishi wa hospitali na mwiko mkononi. Akaja fundi cherehani wa nje ya lango. Akaja yule dereva, aliyekuwa amerudi na shehena nyingine. Wote walikuwa wa kwake. Walisimama kwenye mlango wa wodi kwa heshima, mikono nyuma, watu wazima wenye watoto wao, na mpishi ndiye aliyeanza kwa sauti nzito kabisa.

"Tazama juu, mzee."

"Mwanaume halii," akaitikia fundi.

Niliupata mshipa mara ya pili. Alilia. Si kulia kwa aibu, pembeni. Alilia kwa moyo wote, akimtaja mama yake aliyekufa siku nyingi. Na jambo moja nilikumbuke kwa haki: hakuna aliyemcheka pale mbele yake. Mpishi alimshika mkono ule wa kulia, uliolegea, akaufunika kwa mikono yake miwili mpaka chupa ikaisha. Walicheka baadaye, walipofika jikoni. Na mimi nilikwenda huko kucheka.

Siku zilizofuata tulimchoma asubuhi na jioni, na mkojo wote tuliukusanya kwenye mtungi wa kioo ili kuangalia kama figo zinavumilia, maana magando hayo yakizidi yanaumiza na figo. Hapo tena pakatokea kituko. Nahodha mmoja wa Pande, ambaye ndiye aliyempa Mtipa risasi za kuyeyusha, aliposikia kwamba zinatoka kwenye mkojo, alikuja Lindi na debe. Akasema zile ni risasi zake. Ilinichukua muda kumwelewesha kwamba kilicho kwenye mtungi hakifiki hata kizito kimoja cha mshipi wa kuvulia changu. Aliutazama mtungi kwa huzuni, akaondoka na debe lake.

Tumbo lilipoa. Rangi ikarudi usoni. Daktari akasema dawa ile hupewa kwa vipindi, mtu anapumzishwa, kisha anarudi tena. Akamruhusu aende nyumbani kwa mapumziko, kwa sharti kwamba asiiguse risasi.

Alifika Pande akakuta alishasomewa hitima zamani, siku ileile dereva alipoleta habari ya kupigwa risasi. Ndugu zake walikuwa wamechinja, watu wamekula, na shangazi mmoja alikuwa ameshaanza kugawa kanzu zake. Mzee alisimama mlangoni akauliza kama ubwabwa uliiva vizuri. Wakamwambia uliiva. Akasema, "Basi hiyo hesabuni, nikifa kweli msichinje tena."

Pande alikuwapo Bibi Mwanahawa, mganga wa miti shamba, mwanamke mkubwa kwa umri na kwa mwili. Yeye akatangaza kwamba kama Lindi wameanza kutoa risasi, yeye atamaliza. Alimlisha mzee majani ya mlonge kwa dagaa, uji wa ulezi kwa maziwa ya mbuzi, kitunguu saumu kibichi, na maji ya kotmiri asubuhi kabla ya kitu chochote. Kisha akampiga chuku: akachanja mgongoni, akaweka pembe, akafyonza, na mbele ya watu waliojaa ukumbini akatema kiganjani kipande cha risasi.

Watu walimshangilia. Na Mzee Mtipa, kwa kuamini kwamba sasa ana waganga wawili wa kumtoa risasi, mmoja wa pembe na mmoja wa magando, akaona hakuna hatari tena. Akawasha moto, akaendelea kuyeyusha.

Alirudi Lindi hali mbaya kuliko mara ya kwanza. Safari hii alichanganyikiwa, anamwita mkewe kwa jina la punda waliyewahi kuwa naye, na mikono yote miwili imelegea. Bibi Mwanahawa alimsindikiza, na kile kipande cha risasi amekifunga kwenye pindo la kanga. Akakiweka juu ya meza ya daktari.

"Nilikitoa hiki. Na bado anaumwa. Sasa wewe niambie kulikoni."

Daktari akakichukua, akakigeuza, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Bibi, hiki kina tundu la kupitisha kamba."

Mimi nikashughulika na bendeji ambazo hazikuhitaji kushughulikiwa. Bibi Mwanahawa alimtazama daktari bila kupepesa.

"Mgonjwa anahitaji kuona kitu kimetoka," akasema. "Wewe unamwonyesha nini? Mkojo."

Nilidhani atafukuzwa. Daktari akacheka, akacheka hadi akakohoa, akamvutia kiti. Wakaongea kwa muda mrefu, mimi nikitafsiri pale walipokwama. Daktari alitaka kujua kila alichomlisha mgonjwa. Akasema dagaa, maziwa na mlonge aendelee navyo palepale wodini, maana mwili wenye njaa huinywa risasi upesi kuliko mwili ulioshiba. Kuhusu kitunguu saumu alisema hakina ubaya, ila hakina magando. Kuhusu chuku alisema hapana. Bibi alisema atafikiri. Lakini kila siku akawa analeta uji wa ulezi kwenye kibuyu, na wagonjwa wengine wakaanza kuugua magonjwa ya kuhitaji uji.

Kuna usiku tulidhani tunampoteza. Alipigwa na degedege, na Daktari Taratibu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alipiga kelele. Alikimbia na kichupa cha dawa mkononi na kiatu kimoja mguuni. Bi. Somoe hakupiga yowe safari hii. Alikaa ukutani, ameshika ncha ya shuka ya mumewe, anasema chinichini, "Mtipa, usiniachie mimi karai." Maneno hayo hayakuwa na maana, lakini hadi leo sijayasahau.

Alfajiri alifumbua macho akaomba maji. Bi. Somoe akaenda Pande kwa lori la kwanza. Alichofanya huko nilisimuliwa na wengi, na wote wanakubaliana. Alibeba karai, zile kalibu za udongo, na risasi yote iliyobaki, akamtwika nahodha kichwani mbele ya wavuvi wenzake, akamwambia, "Yeyusha kwako, na mkeo akukaangie maandazi humo." Wavuvi wakatoka nje ya kijiji, wakajenga kibanda kisicho na kuta upande upepo unakoondoka, wakanunua chungu cha kazi ile tu, na koleo. Hilo ndilo lililomponya Mzee Mtipa, na wengine ambao hawakuwa wameumwa bado. Dawa ya magando ilimrudisha kutoka kaburini, sikatai, mkono wangu ndio uliichoma. Lakini kuyatoa maji kwenye mtumbwi uliotoboka bila kuziba tundu ni kujichosha.

Alitibiwa vipindi kadhaa, tukapitisha hata msimu wa mvua. Jando la mwaka ule liliahirishwa. Kina baba walisema afadhali kungoja kuliko Milola. Msimu uliofuata mikono ilikuwa imeinuka. Wakamwita barazani, wakampa papai bichi na kisu chake, wakasema tuone. Alimenya vizuri, ganda linatoka jembamba linaning'inia, watu wameanza kutabasamu. Karibu na mwisho kidole kikacheza kidogo tu. Kisu kikaingia kwenye nyama ya papai. Kina baba wote, bila kupatana, wakabana mapaja.

Mzee Mtipa aliweka kisu chini. Akasema, "Mkono huu umetosha. Leteni dresa."

Ndivyo nilivyokwenda Pande na boksi la vifaa, kwa ruhusa ya daktari, na dawa ya ganzi. Ngoma zilipigwa kama kawaida, nyimbo zilikuwa zilezile, na Mzee Mtipa aliketi mahali pake akiwa mkuu wa jando, akiwashika watoto mmoja mmoja. Wa kwanza aliiona sindano ya ganzi, midomo ikaanza kumcheza, akajizuia. Mzee akamkumbatia kichwa.

"Lia, baba," akamwambia. "Hicho kitu kinauma. Mimi nimechomwa nakijua."

Kina baba waliguna. Mtoto akalia, nikamaliza kazi yangu, na mwingine akaletwa.

Muda ulipita. Siku moja Bi. Somoe akaja Lindi peke yake, amejifunga kanga mpya, akaomba kumwona daktari. Nikadhani ugonjwa umerudi. Daktari naye akasimama kwa wasiwasi.

"Mzee hajambo?"

"Hajambo. Anakula, analala, mikono inafanya kazi." Akatazama huku na huku, akasogeza kiti karibu. "Daktari, nikuulize. Ile risasi mliyomtoa, mliitoa yote?"

"Karibu yote, mama. Kwa nini?"

"Mume wangu alikuwa hasemi. Miaka na miaka, anaamrisha watu huko nje, akija ndani ananyamaza, nami najipikia zangu kwa raha. Sasa hana kisu, hana risasi, anaamka kabla ya kuku na anaongea. Anakaa jikoni. Unga ananipimia. Maandazi ananifundisha kuyageuza, mimi, niliyekaanga kabla hajaniletea posa. Jana kanieleza jinsi ya kupuliza moto." Akapunguza sauti. "Hakuna namna ya kumrudishia kidogo?"

Daktari Taratibu aliketi tena. Akavua miwani.

"Mama," akasema, "dawa ya hiyo bado hawajaileta Lindi. Ikija, na mimi nina mke, atakuwa mbele yako kwenye foleni."